Andika Ulichokiona

Nitamwita Mwalimu, kwa sababu hivyo ndivyo sisi akina mama wa darasa lile tulivyomwita, hata wale waliomzidi umri. Sitaandika ni wa ukoo gani. Hapa Garissa hilo ndilo swali la kwanza mtu anaulizwa, kabla hata hajapewa chai, na akishajibu watu wanadhani wamekwisha kumjua. Yeye akiulizwa alikuwa akisema, "Mimi ni wa ukoo wa chaki," halafu anaendelea na kazi yake.

Mimi niliishia darasa la sita. Kisomali nakisema tangu utotoni lakini sikufundishwa kukiandika. Kiswahili nilikiandika shuleni, ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, na nikikosea mnisamehe. Tena hii tabia ya kuandika kila siku alinipa yeye. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitasema mengine, na sitaki mtu aseme nilisahau.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho cha shule ya msingi, karibu na tangi la maji, mahali palipokuwa stoo ya madawati mabovu. Watoto tisa, siku za vumbi watano. Walikuwa watoto ambao akili zao zilikua kwa njia nyingine. Mmoja alikuwa anasema neno moja asubuhi mpaka jioni, mwingine hawezi kuvumilia kuguswa, na mwanangu Yahya alikuwa hasemi kabisa. Alikuwa anagonga. Kiganja ukutani mara tatu, ananyamaza, mara tatu tena. Hospitali waliandika usonji. Kwa upande wa baba yake walisema jini, baadaye wakasema jicho la watu, mwisho wakaacha kusema chochote, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi.

Mwalimu alinijia nyumbani saa nne asubuhi, siku ambayo sikumtarajia. Mimi nauza maziwa ya ngamia. Gari la maziwa linafika kutoka malishoni alfajiri, na usipokuwepo sokoni maziwa yanachukuliwa na wengine. Baba Yahya yuko na ngamia malishoni, upande wa Diff mpakani, anakuja akija. Basi asubuhi nilikuwa namfunga Yahya kwa kamba, ile laini tunayofungia mguu wa ngamia asitangetange, nikiifunga kwenye nguzo ya nyumba. Siku hiyo nilirudi kuchukua dumu nililolisahau, nikamkuta Mwalimu amesimama mlangoni, mwavuli umefungwa mkononi, anamwangalia mtoto na kamba yake.

Hakunipigia kelele. Aliifuata kamba kwa macho mpaka mwisho, akauliza, "Urefu wake uliupimaje?"

Nikasema, "Afike kivulini na kwenye maji, asifike jikoni."

"Kaa chini," akasema. Akatoa daftari jipya kwenye mkoba. "Andika hivyo hivyo ulivyosema."

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu ni kamba. Nataka hilo likumbukwe. Hakuna aliyenisingizia.

Kutoka siku hiyo Yahya alikwenda darasani, na kamba ikarudi kwa ngamia. Na kila mama alikuwa na daftari. Kila siku ukurasa mmoja: alikula nini, alilala saa ngapi, kilichomliza, kilichomnyamazisha. Sheria ilikuwa moja. "Andika ulichokiona," alikuwa akisema, "si ulichokifikiria." Wiki ya kwanza niliandika, "Leo Yahya amenikasirikia." Akapiga mstari mwekundu. "Hasira uliiona wapi? Ilikuwa imekaa wapi? Niambie mkono wake ulifanya nini." Nikaandika upya: "Alimwaga maziwa. Akayatazama yakiingia mchangani. Akamwaga tena kidogo, akainama, akatazama." Pembeni akaandika, "Sasa namwona." Shuleni sikuwahi kupewa alama ya kunifurahisha namna ile. Nilikuwa mtu mzima, na nilitembea nyumbani nikicheka peke yangu.

Ayeeyo, bibi tunayeuza naye maziwa kibanda kimoja, alikuwa na mjukuu darasani. Kalamu haijui, kwa hiyo ripoti yake alikuwa anaitoa kwa mdomo, na Mwalimu anaiandika.

"Mtoto yangu jana alibiga baka."

"Paka gani, Ayeeyo?"

"Baka ya jirani. Lakini baka ndio alianza."

"Ulimwona paka akianza?"

"Mimi najua ile baka."

"Basi hiyo siiandiki."

"Andika tu, Mwalimu. Wewe hujui ile baka."

Hakuiandika. Na wote wawili walicheka mpaka Ayeeyo akajifuta macho kwa ncha ya shungi.

Mwalimu alikuwa na mambo yake. Mwavuli hakuufungua hata jua la saa saba likiwaka. Alisema ni wa mbuzi, na kweli mbuzi wa mtaani walimheshimu. Kwa watoto alikuwa na subira ya ajabu, anaweza kurudia kitu kimoja mara arobaini sauti ikiwa ile ile, lakini kwa watu wazima hakuwa nayo. Ukichelewa dakika tano alikufungia mlango wa darasa, na yeye mwenyewe alichelewa kila harusi na kila matanga. Maziwa ya ngamia hakunywa. Msomali asiyekunywa maziwa ya ngamia. Alisema harufu ya moshi tunaofukizia madumu inamkaa kooni. Lakini kila Alhamisi alipita kibandani kwangu na chupa yake, nikamjazia, akaondoka nayo chini ya shungi. Nilidhani ni ya jirani. Sikuuliza, na kibandani petu kutouliza si kawaida, kwa hiyo labda nilikuwa nimeanza kujua.

Maneno yake yalisambaa mjini. Alikuwa anaingia nyumba za watu, anakaa na wazee wa kiume, anawaambia, "Mtoto si magendo. Mnamficha wa nini?" Sisi watu wa karibu na mpaka, neno magendo linatuchekesha na kutuuma kwa wakati mmoja. Wengine walimfukuza. Wengine walifungua. Kati ya wale watoto tisa, sita aliwatoa nyuma ya milango kwa maneno hayo.

Sasa niandike la Alhamisi aliyougua. Hakupita, nami nikaona maziwa yataharibika, nikampelekea. Aliishi nyumba ya mabati nyuma ya mtaa wetu, na mama yake mzee. Nikabisha, akatoka na shuka begani, ana homa, macho mekundu. Nikiwa namkabidhi chupa nikasikia ndani, chumba cha nyuma. Kiganja ukutani. Si mara tatu kama Yahya, ilikuwa mfululizo, na sauti ya mtu mzima wa kike inaimba bila maneno. Mlango wa chumba hicho ulikuwa na komeo kwa nje.

Mwalimu aliniangalia. Akanyoosha mkono akawasha redio.

"Ahsante, Mama Yahya," akasema. "Alhamisi ijayo nitakuja mwenyewe."

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari nikakaa nalo. Halafu nikalifunga. Sheria ni kuandika ulichokiona, na mimi sikuona, nilisikia tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Sikumwambia Ayeeyo, sikumwambia mume wangu. Nilikaa na siri ya mtu bila kupewa, na niliibeba vizuri, ingawa sina hakika kama kubeba vizuri kulimsaidia yeyote.

Jambo aliloliota Mwalimu, na alilisema wazi, ni kusoma shahada ya uzamivu, ile ya mwisho kabisa, kuhusu watoto kama wetu. Alitaka kujua kwa nini wanachelewa kugunduliwa huku kwetu, na ni maneno gani ya Kisomali daktari atumie ili mama aelewe. Hakuwa na uwezo wa kujilipia, kwa hiyo alikuwa anaomba ufadhili vyuo vya ng'ambo, kila mwaka msimu ukifika. Msimu huo tuliujua kama tunavyojua mvua. Alikuwa anakonda. Alisafiri Nairobi kufanya mtihani wa Kiingereza, yeye aliyefundisha Kiingereza. Alitafuta watu watatu wa kumwandikia barua za mapendekezo, na mwalimu mkuu kila mara alichelewesha yake. Alikaa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mpaka wanafunga. Mara moja walimwita kwa mahojiano ya video, umeme ukakatika katikati, na stima iliporudi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Majibu yalikuja kwa maneno yale yale ya kusikitika. Alitusomea, akiyatafsiri, kisha akasema, "Wanasikitika sana hawa watu. Sijui kwa nini wasipewe pole." Tukacheka. Alituahidi siku akipata, utafiti ataufanya hapa hapa Garissa, na akirudi darasa litakuwa na mtaalamu wa kuwafundisha watoto kusema. Ahadi hiyo tuliishikilia sote. Yahya wakati huo alikuwa na maneno matatu: biyo, yaani maji, kaalay, yaani njoo, na la tatu hooyo, yaani mama, ndiye mimi.

Mwaka mmoja profesa fulani alimjibu zaidi ya kusikitika. Alimwandikia kwamba maswali yake ni mazuri lakini andiko lake halina mtu ndani. Mwalimu alirudia maneno hayo wiki nzima. "Halina mtu, Mama Yahya. Mimi nina watoto tisa, na andiko langu halina mtu."

Nilimtazama. Nilifikiria chumba cha nyuma.

Msimu uliofuata aliniomba madaftari yangu yote, yalikuwa manne, ayasome upya. Nikampa pale kibandani. Nikasema, "Hii ni amana, Mwalimu." Ayeeyo akaweka dumu chini. "Mimi nimesikia," akasema. "Amana inakaa kwa shingo yako." Mwalimu akaweka mkono shingoni, akaitikia. Kwetu mambo huisha hapo. Amana unaiweka, unaitunza, unairudisha kama ilivyokuja. Huilimi, huikodishi, huionyeshi watu. Hakuna asiyejua.

Baada ya wiki mbili akaja na karatasi, ya Kiingereza, pande zote mbili. "Ni ya ruhusa," akasema. "Nikusomee?"

Kulikuwa na wateja watatu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa najivuna hapo kibandani kwamba mimi ni mtu wa kuandika. Nikasema, "Nitasoma mwenyewe." Nikaishika karatasi, nikashusha macho polepole mpaka chini kama mtu anayesoma, nikatia sahihi. Nilielewa neno "mtoto" na neno "mama" na jina langu.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliniuliza. Kweli ni mara moja tu, na mtoto wa darasani angemuuliza mara arobaini. Lakini aliniuliza, na aliyekataa ni mimi.

Mwaka huo akapata.

Shule ilimfanyia hafla ya kumuaga, mahema mawili, pilau ya mbuzi, wazazi wote na wazee wa mtaa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa safu ya mbele. Mwalimu mkuu akasimama na bahasha. Alikuwa na nakala ya ombi la Mwalimu kwa sababu ya ile barua ya mapendekezo, na alitaka watu wajue shule yake imetoa mtu wa namna gani. Akasoma kipande kwa Kiingereza, akakitafsiri kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti ya kutoa zawadi.

"Katika mji wangu kuna mama anayeuza maziwa ya ngamia. Kila alfajiri humfunga mwanawe kwa kamba ya ngamia. Ameupima urefu wake: mtoto afike kwenye maji, asifike kwenye moto. Ninataka kusoma kwa sababu ya kamba hiyo."

Jina halikutajwa. Lakini wauza maziwa ya ngamia katika darasa lile tulikuwa wawili, na Ayeeyo ni bibi. Watu hawakugeuka wote kwa pamoja. Waligeuka mmoja mmoja, kama wanaomtafuta mtu mwingine. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake. Naamini hakujua kwamba kitasomwa. Naamini hivyo mpaka leo. Pia naona kwamba hakusimama.

Ayeeyo akaninong'oneza, "Kula, mwanangu. Wakiona unakula watachoka kuangalia." Nikala. Sikumbuki ladha.

Jioni ile shemeji alikuja. Hakukaa. "Umemfanya mtoto wetu ngamia mbele ya wazungu," akasema.

"Kamba ilikuwa zamani, shemeji. Kabla ya darasa."

"Mimi nimeisikia leo."

Wiki hiyo hiyo walimchukua Yahya kwa mama wa mume wangu, Tarbaj, mbali kaskazini, wakisema kuna nafasi na hewa na watu wa kumwangalia. Sikuweza kuwazuia. Nilijaribu kwa maneno, na maneno yangu siku hizo yalikuwa na kamba ndani yake. Bibi yake alimtunza, sitasema uongo, alimlisha vizuri na alikuwa anamwimbia. Lakini hakukuwa na darasa. Huku kwetu pia halikuwepo tena: mwalimu aliyeletwa badala yake alikaa muhula mmoja akahamishwa, na chumba kikarudi kuwa stoo ya madawati. Nilipofanikiwa kumrudisha Yahya, baada ya mwaka na zaidi, alikuwa amerefuka na hana neno hata moja. Alishuka garini, akaenda ukutani, akagonga mara tatu.

Biyo imerudi. Yale mawili bado.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningemchukia Mwalimu zaidi angekuwa mtu mbaya. Siwezi kuandika kwamba ni mbaya. Bila yeye Yahya asingekuwa na maneno ya kupoteza. Na alichoandika kilikuwa kweli, hata koma yake ilikuwa kweli. Lakini kweli hiyo ilikuwa yangu, na aliikuta katika nyumba yenye mlango wazi akaichukua kwangu, huku kwake kuna mlango wenye komeo.

Alirudi mwezi uliopita, siku ya Alhamisi. Miaka mitatu na kitu. Amenenepa kidogo, miwani mipya, mwavuli ule ule. Ayeeyo akamsalimu kwanza, akamuuliza habari za baridi, halafu akasema tu, "Shingo yako?"

Mwalimu akatoa madaftari manne kwenye mkoba. Yalikuwa safi. La kwanza lilikuwa limekatika uti, na ukurasa wa kamba ulitoka peke yake mkononi mwangu, jinsi ulivyofunguliwa mara nyingi.

"Yahya ana maneno mangapi sasa?" akaniuliza.

"Moja."

Alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika. Nikachukua chupa, nikaanza kumjazia maziwa, kwa mazoea tu, ilikuwa Alhamisi.

"Usijaze," akasema. "Siku hizi sichukui."

"Kwa nini?"

"Aliyekuwa anayanywa hayupo."

Ayeeyo akasema, "Allah amrehemu," kabla hata ya kujua ni nani.

"Dada yangu," Mwalimu akasema. "Alifariki nikiwa huko. Waliniambia wakiwa wamekwisha kuzika." Kisha akanigeukia. "Wewe ulijua."

"Siku ile ulipougua. Ukawasha redio."

"Uliandika?"

"Sikuandika. Sikumwona."

Mteja alikuja, nikampimia, akaondoka. "Hakuna mahali ameandikwa," Mwalimu akasema. "Hana cheti, hana picha. Waliponiuliza kwenye mahojiano kwa nini mimi, kwa nini jambo hili, nilisema kwa sababu ya mama mmoja muuza maziwa."

Nilipaswa kumpa pole, na nilimpa baadaye. Kwanza nilihisi kitu kingine, na sitakiandika kwa sababu hakikuwa na mkono wala mguu.

Akatoa karatasi. Ya utafiti wake, anataka Yahya awe ndani, na safari hii ni ya Kiswahili, kurasa nne. "Nikusomee?"

"Nisomee."

Alisoma zote mpaka adhana ya alasiri. Palipoandikwa kwamba mzazi anaweza kukataa na asiulizwe sababu, nikamwambia arudie. Akarudia, sauti ile ile ya darasani. Halafu akaninyooshea kalamu.

Nikachukua daftari jipya, lile ninaloandikia sasa, nikachana karatasi ya katikati nikaiweka mbele yake. "Kwanza dada yako," nikasema. "Ukurasa mmoja."

Aliigeuza ile karatasi tupu pande zote mbili. "Sijui nianzie wapi, Mama Yahya."

Nikamuuliza, "Chumba kilikuwa na urefu gani?"

Ayeeyo aliacha kuosha dumu. Mwalimu akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mkobani, akasema atairudisha Alhamisi. Akaenda, jua linawaka, mwavuli umefungwa.

Alhamisi tatu zimepita. Inawezekana ni mgonjwa, inawezekana mama yake ni mgonjwa. Sijaona, siandiki. Zile kurasa nne ziko kwangu, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na maziwa. Hazina sahihi. Akija atazikuta kama alivyoziacha.